Tuligongwa Tukiwa Tumesimama

Kiwanda kilipotupunguza kazini, wenzangu wengi walirudi kwao kulima. Mimi nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua pikapu kuukuu ya Kijapani, rangi ya maziwa, iliyokuwa ya mchuuzi wa samaki wa hapa Musoma. Ilinuka sangara mpaka kwenye viti. Mke wangu aliisugua kwa sabuni na majivu, na bado mvua ikinyesha harufu ilirudi. Lakini lilikuwa gari. Ilikuwa miaka ya tisini, tulikuwa tumetoka kupanga foleni za sukari, sabuni na kanga, na mtu mwenye gari lake mwenyewe pale mtaani kwetu Kitaji alionekana ameokoka.

Kazi niliipata upesi kuliko nilivyotegemea. Hospitali ilikuwa inakodi magari ya watu binafsi kupeleka wauguzi na maboksi ya chanjo vijijini, nami nikapewa njia ya Bugwema. Barabara mbaya, vumbi, mashimo, lakini kazi ya uhakika. Sharti lao lilikuwa moja tu: gari liwe na bima kubwa. Bima ndogo, ile ambayo watu wengi walikata ili trafiki asiwasumbue, inamlipa yule uliyemgonga wewe, basi. Hospitali walitaka ile inayolipa na gari lenyewe. Nikakata. Niliibandika stika kiooni kwa mikono yangu, mke wangu akiangalia kama imekaa sawa.

Mama yangu wakati huo alikuwa bado kwake Mwitongo, kule Butiama. Baba alikwisha kufariki. Alikuwa na mji wake, mihogo yake, ulezi wake, kuku wake, na hakutaka kusikia habari ya kuhamia mjini. "Mjini nitalima nini, lami?" alikuwa akisema. Dada yangu aliyeolewa Bunda alipojifungua, mama alitaka kumwona mjukuu, nikampitia na gari. Tulishinda kule vizuri. Wakati wa kurudi akaona akina mama wanauza viazi vitamu kando ya barabara, akaniambia nisimame.

Nilisimama nje kabisa ya lami. Nilizima gari, nikavuta breki ya mkono. Nayasema haya kwa sababu nimeshayasema mara nyingi mbele ya watu wengi, na hata sasa nikiyasema nayasikia kama maneno ya kukariri. Mama alibaki kwenye kiti, mlango wazi, mguu mmoja ameuteremsha nje, maana magoti yake hayakupenda kukunjwa muda mrefu. Mimi nilishuka kuchagua viazi.

Kwanza nilisikia honi. Haikukatika. Kisha nikaona lori la pamba linashuka kutoka upande wa Mwanza, marobota yamejaa juu, na dereva ameinuka kwenye kiti chake kama mtu anayesukuma kitu kwa miguu yote miwili. Akina mama wa viazi walikimbia, wengine walianguka. Lori likaacha barabara likaja moja kwa moja kwetu, halafu katika nafasi ya mwisho kabisa likapinda, likawaacha akina mama, likaipiga pikapu yangu nyuma. Pikapu ikaruka mbele. Mlango ule uliokuwa wazi ukajifunga wenyewe kwa nguvu, na mguu wa mama ulikuwa bado nje.

Hakupiga kelele. Aliniita tu, "Baba," kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Baba, njoo unifungulie."

Dereva wa lori alikuja mbio, jasho linamtiririka. Alikuwa mtu mzima, mwembamba. Wala hakusubiri kuulizwa. "Ni mimi," alisema, "ni mimi mwenye kosa, breki zimekataa." Alisaidia kumbeba mama. Nikamwambia amwache, nitambeba mwenyewe.

Trafiki alikuja, akapima kwa futi, akachora picha ya magari mawili, moja limesimama na moja linakuja. Kisha akanipiga bega. "Wewe mzee huna kosa lolote. Ulikuwa umesimama." Sikuwa mzee bado, lakini nadhani sura yangu siku ile ilikuwa ya mzee.

Mfupa wa muundi ulivunjika pabaya. Mama alikaa na plasta muda mrefu, na ilipokatwa, mguu ulitoka mfupi kuliko mwenzake, umepinda kidogo kwa ndani. Daktari alisema kwa umri wake ni bahati kuwa umeunga. Tangu hapo alitembea na gongo. Mwitongo hakuweza kukaa peke yake, akaja kwetu Kitaji, kwenye lami aliyoikataa. Alikaa barazani akichambua dagaa wa mke wangu, akiuliza kila aliyepita kama huko Butiama mvua imenyesha.

Kesi ilisikilizwa Bunda. Dereva alikubali kosa siku ya kwanza, akafungwa. Mwenye lori aliahidi kunitengenezea gari, akaahidi tena, halafu akawa hapatikani. Niliinyooshesha bodi kwa gharama yangu, kwa fundi wa hapa Musoma, kidogo kidogo. Kwenye bima yangu sikudai chochote. Nilijiambia nikidai gari litakaa linasubiri karatasi, na Bugwema hawatasubiri.

Basi bima ikakaribia kuisha. Kipindi hicho makampuni binafsi yalikuwa yameanza kuruhusiwa, na moja lilifungua ofisi hapa mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Watu walilisifia: hawana urasimu, wana kompyuta, unaingia asubuhi unatoka na stika. Nikaenda. Siku hiyo mama alikuwa na kliniki ya mguu, kwa hiyo nilikuwa naye. Zile ngazi alizipanda kwa makalio, ngazi moja moja, akakataa kubebwa.

Aliyetupokea alikuwa dada mmoja kijana, mpole, wa heshima. Alimtafutia mama benchi, akamwamkia kwa kupiga goti. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, naye akawa ananisomea kwa Kiswahili na kuandika majibu yangu. Jina, namba ya gari, kazi ya gari. Kisha akafika mahali akasita.

"Hapa wanauliza kama gari hili limewahi kupata ajali katika miaka mitatu iliyopita. Uwe na kosa au usiwe na kosa."

"Liligongwa," nikasema. "Nilikuwa nimesimama."

"Ulidai bima?"

"Sikudai."

Aliangalia mlango, akapunguza sauti. "Sasa mzee wangu, kama hukudai, huku hawana habari. Nikiandika ndiyo, fomu lazima iende Mwanza. Nikiandika hapana, stika nakupa sasa hivi. Niandike hapana?"

Sitasema kuwa sikutaka. Bugwema walinisubiri Jumatatu. Nilifungua mdomo nijibu, na sijui hata ningejibu nini, maana mama alinitangulia kutoka kule kwenye benchi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha kujifunzia ukubwani, lakini alikisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

"Mjukuu wangu, hebu kuja hapa. Shika hii mguu. Hii mguu yangu ni hapana?"

Yule dada alibaki ameshika kalamu.

"Mimi nilikuwaga nalima," mama akaendelea. "Nilikuwaga napanda kile kilima cha kwetu na debe ya maji kichwani. Sasa leo napanda ngazi kama mtoto. Halafu mnaandika haikutokea?"

"Bibi, sikuwa na maana mbaya."

"Najua. Andika ndiyo."

Akaandika ndiyo. Aliandika na maelezo: tulikuwa tumesimama, lori lilifeli breki, dereva wa lori alikubali kosa. Mistari aliyopewa ilikwisha akamalizia pembeni. Fomu ikaenda Mwanza, mimi na mama tukaenda kliniki.

Stika ya zamani ilipoisha, nililiegesha gari uani. Jumatatu nilikwenda hospitali kwa miguu kuwaambia wanipe muda. Mwuguzi mkuu alinielewa. Alisema chanjo hazina subira, atamtafuta mtu wa kushikilia kwa muda tu. Niliona wivu kwa mtu ambaye hata sikumjua.

Jibu la Mwanza lilichelewa, na lilipofika halikuwa jibu. Walitaka nakala ya hukumu na ripoti ya polisi kuthibitisha kwamba kosa halikuwa langu. Nikaona ni haki yao. Niliamka asubuhi niende Bunda, nikamkuta mama amekwisha kuvaa, gongo mkononi.

"Mama, wewe ubaki. Basi litakuumiza."

"Mguu ni ya nani?" aliniuliza. Tukaenda wote.

Polisi walinipa ripoti bila matata, baada ya kusubiri. Mahakamani ndiko tulikokwama. Karani alitafuta kwenye rafu, akatafuta kwenye chumba cha nyuma, akarudi akijifuta vumbi. Faili halipo. Mafaili ya kipindi hicho yamepelekwa mkoani.

"Mkoani wapi?"

"Musoma, mzee."

Ndiko tulikotoka asubuhi. Nilicheka, sikuweza kujizuia, na karani naye akacheka kwa kunionea huruma. Mama hakucheka. Aliuliza kama kuna mahali pa kukaa, maana mguu umeanza kuvimba.

Tulikuwa tunarudi polepole kuelekea stendi mama aliposimama. Mahali magari makubwa yalipooshwa, kwenye tope, mtu mwembamba amekunja suruali mpaka magotini anasugua tairi za lori kwa brashi. Mimi nisingemjua. Mama alimjua kwa mgongo tu.

"Ni yule," alisema.

Yule mtu aligeuka. Aliangalia gongo kwanza, kisha mguu, kisha uso wa mama. Aliacha brashi ikaanguka, akaja akachuchumaa mbele yake kwenye tope lile lile, akamwamkia kwa mikono miwili. Nilitaka kuwa na hasira naye. Nilikuwa nimeitunza hasira hiyo muda mrefu, na ilipofika zamu yake sikuiona.

Alitueleza. Alifungwa, akatoka, leseni ilifutwa. Mwenye lori aliajiri mwingine, na lori lile lile bado linabeba pamba. Breki alizilalamikia kabla ya safari ile, akaambiwa aende hivyo hivyo, zitatengenezwa msimu ukiisha.

"Kwa nini ulipinda ukatugonga sisi?" mama aliuliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mama, mbele yangu kulikuwa na wale wanawake wa viazi. Na kulikuwa na gari limesimama. Sikuona mtu ndani. Niliona mlango wazi nikajua wameshuka wote." Aliangalia tena gongo. "Nilichagua gari, mama. Sikukuona."

Mama aliegemea gongo lake. Gari lililokuwa likioshwa lilidondosha maji. Mama akasema, "Wale akina mama mmoja alikuwa na mimba. Nilimwona." Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimwambia ainuke, ataugua kwa kukaa kwenye maji.

Nilimweleza habari ya bima, sijui kwa nini. Nafikiri nilikuwa sina mwingine wa kumweleza. Aliposikia kwamba nahangaika kuthibitisha kuwa kosa halikuwa langu, alishangaa kweli. "Lakini kosa ni langu mimi! Mimi nipo. Nitakuja niwaambie."

Sikumtegemea. Wiki iliyofuata alikuja. Alishuka Musoma kwa nauli yake mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi, akaulizia Kitaji mpaka akafika kwetu. Mke wangu alimpa chai. Alikula viazi vilevile tunavyokula sisi, ameinama, na mama akampunguzia vya kwake akamwekea kwenye sahani. Baadaye tukapanda ghorofani mimi na yeye.

"Huyu ndiye aliyenigonga," nilimwambia yule dada wa bima.

"Shikamoo," dada akamwambia.

"Marahaba. Dada, mimi nilikuwaga dereva. Huyu mzee alikuwa amesimama kabisa, nje ya lami. Kosa lote ni langu. Kama kuna mahali pa kusaini, nitasaini. Hata kama ni kwenda Mwanza, nitaenda."

Yule dada alifungua faili letu akalifunga. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa. "Baba yangu, sina mahali pa kuandika hayo. Fomu haina sehemu ya mtu aliyegonga." Alifikiri kidogo. "Lakini hukumu mkiipata, hiyo nitaituma siku hiyo hiyo."

Tukaenda kuitafuta hukumu pamoja, aliyegonga na aliyegongwa, tumekaa benchi moja kwenye mahakama ya mkoa hapa Musoma. Watu walidhani sisi ni ndugu tuliokuja kugombea shamba. Yeye ndiye aliyekumbuka tarehe yake ya kufungwa, na kwa tarehe hiyo karani akalipata faili. Nakala ilipogongwa muhuri alinikabidhi kwa mikono miwili, kama zawadi. Nilimsindikiza stendi. Aliniuliza kama sasa mambo yangu yatakuwa mazuri. Nikamwambia yatakuwa mazuri.

Mwanza walijibu. Yule dada alinisomea barua kwa sauti ya chini, mama akiwa pembeni yangu. Walikuwa wameridhika, tena waliandika hivyo wazi, kwamba mteja hakuwa na kosa lolote katika ajali husika. Hata hivyo, kwa kuzingatia ajali hiyo, umri wa gari na aina ya kazi inayofanya, hawataweza kunipa bima kubwa. Wanaweza kunipa ndogo, na kwa malipo ya juu kuliko ya wengine.

"Sielewi," nilisema. "Wamesema sina kosa."

"Huna kosa, mzee wangu. Wao hawaangalii kosa. Wanaangalia kama uligongwa. Gari lililogongwa wanaliona linaweza kugongwa tena."

Mama aliuliza, "Kwa hiyo kugongwa imekuwa tabia yake?"

Yule dada aliilaza barua mezani. Alisema kama ni yeye angetupatia bima. Nilimwamini. Nilitaka kumuuliza ni nani basi wa kuongea naye, mtu huyo anakaa wapi, ana sura gani, nipande basi nimfuate. Lakini barua ilikuwa na saini isiyosomeka, na nilijua hata nikimpata atakuwa mpole vilevile, atanionyesha karatasi nyingine ya mtu mwingine.

Nilijaribu ofisi ya zamani ya bima, nao wakauliza kama kuna kampuni imeshanikatalia. Nilisema ndiyo. Sikuhitaji kusukumwa safari hii, nilikuwa nimechoka tu. Wakaniambia niache namba ya posta. Sikuletewa kitu.

Kazi ya Bugwema ikabaki kwa yule mtu wa muda. Nilikutana naye baadaye kwenye kituo cha mafuta, kijana wa watu, gari zuri. Aliniuliza wapi daraja bovu na wapi pa kupita mvua ikinyesha, nikamwelekeza. Mimi nilikata bima ndogo, nikawa nabeba mihogo na mkaa kutoka vijijini, mizigo iliyoivunja pikapu haraka kuliko barabara ya Bugwema. Hatimaye nikaiuza kwa mtu wa Tarime. Alipoizunguka kuikagua aliona mahali bodi ilipopigwa rangi, akaniuliza ilikuwaje. Nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana, akapunguza bei.

Baada ya gari kuondoka, mama aliomba arudi Mwitongo. Tulibishana. Mke wangu alilia, alikuwa amemzoea. Nilimwambia mama huko hakuna wa kumchotea maji, hakuna wa kumpeleka kliniki. Alisema majirani wapo, na kwamba hata kwangu sasa hakuna wa kumpeleka kliniki, gari limekwenda. Hakulisema kwa ubaya. Ilikuwa hivyo tu.

Nilikodi gari la mtu nikampeleka. Shamba lake lilikuwa limelimwa na jirani, mihogo ya mtu mwingine imesimama pale ulipokuwa ulezi wake. Jirani mwenyewe alikuja mbio kutuamkia, akaanza kujieleza kwamba aliliona limelala, hakuwa na nia mbaya. Mama alimwambia aiache mihogo ikomae kwanza. Akaomba kiti. Wakaleta, akakaa uani akinyoosha ule mguu, na wanawake wakaanza kufika mmoja mmoja, kila mmoja akitaka kuona alivyovunjika na kusimuliwa ilikuwaje.

Akaanza kuwasimulia kwa Kizanaki, lugha ya kwetu, tangu viazi. Mwenye gari la kukodi alikuwa ananipigia honi, anataka kuwahi Musoma. Nilisimama kati ya gari na kiti cha mama, nikisikiliza, nikitafuta kama kuna kitu ninachoweza kumletea kabla sijaondoka. Maji yalikuwepo. Kuni zilikuwepo. Nilimuaga, akanipungia mkono bila kukatisha hadithi yake, nikapanda gari nikaondoka.